Siku Mzee Saihlira Alipoomba Achunguzwe

Kibanda cha simu cha kijiji chetu kilikuwa changu, pale juu mgongoni mwa kilima, hatua chache kutoka kanisani. Mengi ya watu nimeyasikia bila kutaka. Lakini haya ya Mzee Saihlira sikuyadukiza. Mengine alinisimulia mwenyewe, mengine aliyasema mbele ya kanisa zima.

Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka ishirini na mbili. Mtu mrefu, mkavu, shati limefungwa vifungo hadi kooni. Binti yake wa pekee, Dengpuii, alipopata mimba bila ndoa, wazee wenzake walimwambia, "Wewe kaa pembeni, jina tutalisoma sisi." Akakataa. Jumapili akasimama mwenyewe, akalisoma jina la mwanawe kati ya waliotengwa na meza ya Bwana, na sauti haikutetemeka. Watu wakatoka wakisema, "Huyo ndiye mzee. Hapendelei hata damu yake."

Wiki hiyohiyo Dengpuii alidandia lori la tangawizi akaenda zake mjini Shillong. Hakurudi.

Mama yake, Mama Khawngi, alikuwa akipita kibandani kwangu kila Jumamosi.

"Leo hakuna simu?"

"Hakuna, mama."

"Hata barua. Baba yake ndiye anayechukua barua za kanisa kule posta, anasema hakuna. Labda mtoto amepoteza anwani."

Anwani ya kijiji alichozaliwa! Nilimpa kikombe cha chai. Alifariki mwaka wa sita tangu binti aondoke, kwa ugonjwa wa ini.

Mzee akabaki peke yake. Alichemsha wali wake na majani ya haradali, akala amesimama mekoni, kama mtu anayesubiri gari. Ukimkaribisha kwako anakuambia ameshashiba.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Ndipo akaja mchungaji mpya, kijana mpole, jina lake Zohminga. Katika juma la kufunga alitutaka kila mmoja akae nusu siku katika kibanda cha maombi kilichoko bondeni. Alisema tusiende na orodha ya haja zetu. Tumwombe Mungu auangalie moyo, halafu tunyamaze.

Mzee Saihlira alicheka. "Mchungaji, mimi Mungu ananijua tangu hujazaliwa."

"Najua, mzee wangu," akajibu kijana. "Nenda akakufanye ujijue na wewe."

Akaenda Jumatano asubuhi, ukungu umejaa bondeni hata miti huioni. Akapiga magoti, akasema, "Bwana, ingia moyoni mwangu uangalie mwenyewe." Akaungama hasira zake ndogondogo, na kusinzia wakati wa mahubiri. Akamaliza. Ilikuwa bado mapema mno.

Akanyamaza. Hakusikia sauti yoyote, aliniambia. Kilichomjia ni uso wa mkewe pale mekoni, akiuliza, "Hakuna barua?" na yeye mwenyewe akijibu, "Hakuna," huku mdomo umejaa wali.

Barua zilikuwepo. Kumi na moja. Alizificha katika debe chini ya mchele wa akiba, hajafungua hata moja, na miaka yote hiyo akajiambia anailinda nyumba yake na aibu. Lakini mle kibandani neno hilo halikusimama. Aliiona ile Jumapili upya, akaona kwamba chini ya uchungu wake palikuwa na utamu. Alizipenda zile sifa. Na kama mtoto angesamehewa na kurudi, sifa zingebaki za nini?

"Niliinuka nitoke," aliniambia. "Mimi ndiye niliyemwalika aangalie. Alipoanza tu kuangalia, nikataka kumfungia mlango."

"Ukatoka?"

"Nilifika mlangoni. Nikarudi nikakaa."

Jioni ile alizifungua zote. Katika ya kwanza Dengpuii alimwuliza mama yake namna ya kushusha homa ya mtoto mchanga. Ya mwisho iliandikwa mwezi mmoja kabla ya Mama Khawngi kufa, na ilikuwa na namba ya simu ya jiko la hospitali alikopata kazi.

Jumapili Mzee Saihlira alisimama akayasema yote, akaomba jina lake lisomwe. Safari hii hakuna aliyemsifu. Dada wa marehemu mkewe alijitanda shuka lake akatoka nje bila kumtazama. Mzee akashuka kutoka viti vya wazee hadi benchi la mwisho, wanakokaa waliotengwa. Mlevi wetu, Thangkima, akamsogelea sikioni.

"Karibu, mzee. Sogea huku kidogo, hapo pana msumari."

Jumatatu akaja kibandani kwangu na kile kikaratasi cha namba. Nilimpigia, nikatoka nje, lakini kuta ni za mianzi.

"Ni mimi... Baba yako."

Kisha nikamsikia tena:

"Mama yako hayupo, mwanangu. Mwaka wa tatu sasa... Hapana, zilifika. Zilifika zote. Nilizificha mimi."

Kisha sikusikia neno tena. Nilipochungulia, alikuwa ameshika simu sikioni, macho chini.

"Amekata?" nikamnong'oneza.

"Hajakata. Analia. Namsikiliza."

Alipoweka simu alikaa kwenye kigoda changu muda mrefu. Alisema binti amemkataza kwenda Shillong, na amemkataza kuomba msamaha kwa sasa.

"Basi hakusema kingine?"

"Ameuliza mama yake alivikwa shuka lake lipi alipozikwa."

Tangu hapo alipiga kila Jumatatu. Mara nyingi huko Shillong hakuna aliyepokea. Siku moja nilimwuliza kama bado anamwomba Mungu auangalie moyo wake.

"Kila asubuhi."

"Na huogopi?"

"Naogopa sana, binti yangu."

Dengpuii alikuja mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, na msichana wake wa miaka kumi. Hakulala kwa baba yake. Alilala kwa mama yake mdogo, yule aliyetoka kanisani. Asubuhi alipita kwa mzee, akasimama uani, akasema, "Nionyeshe kaburi."

Walipita mbele ya kibanda changu, yeye na mtoto mbele, mzee nyuma akielekeza njia kwa maneno mawili matatu. Langoni mwa makaburi Dengpuii aligeuka.

"Wewe baki hapa, baba. Nataka kukaa na mama."

Mvua nyepesi ilianza. Mzee Saihlira alivua kofia, akabaki pale langoni.