Saa Yenye Miguu na Kitufe Chekundu

Mdogo wangu hawezi kukuazima mkasi bila kukueleza kwanza chuma kinavyotengenezwa, ndiyo maana nyumbani tunamwita Mtaalamu. Kazi yake ni kuuza dawa, na wateja wake wanajua kwamba ukiwa na haraka usimuulize kidonge kinafanyaje kazi. Ugonjwa wake mwenyewe ndio usio na dawa: kompyuta za zamani, zile za nyumbani zenye kibodi nene, zilizokuwa zikiunganishwa kwenye televisheni na kusoma programu kutoka kwenye kaseti.

Jumamosi ile alivamia chumba changu cha ushonaji, mama akiwa nyuma yake. Akasukuma vitambaa vya watu kando, akapanga juu ya meza yangu ya kukatia kompyuta ya marehemu baba, redio kaseti, televisheni, na kisanduku cheusi kidogo kama kipande cha sabuni. Juu ya kisanduku kulikuwa na kitufe chekundu.

"Dada, usikiguse," akasema, hata sijanyoosha mkono.

Kilichotukutanisha ni kaseti moja. Tulipokuwa wadogo baba alimtungia mama mchezo wa kompyuta, au tuseme uchokozi wa kompyuta. Mama hajawahi kutoka nyumbani kwa wakati. Baba alikuwa akivaa viatu mapema, anasimama mlangoni na funguo mkononi, anapaza sauti: "Mimi niko tayari tangu zamani, nakusubiri wewe tu!" Basi katika mchezo wake, mwanamke mwenye kichwa kikubwa anazunguka nyumba nzima akitafuta mkoba, miwani na kiatu cha pili, huku saa yenye miguu ikimfukuza. Akifika mlangoni ameshinda. Saa ikimkamata, mchezo wote unajifuta, na inabidi kaseti isomwe upya, kazi ya muda wa kuosha vyombo na kuvifuta. Baba alifanya hivyo makusudi ili mama naye aonje kusubiri.

Enzi hizo mama hakuujali. "Sina muda wa kuchezea masimango," alisema. Baba alifariki mwaka jana, na sasa mama alitaka kitu kimoja tu, afike kwenye ule mlango. Hakuna kati yetu aliyewahi kufika wala kujua baba aliweka nini pale. Na kaseti ilikuwa imechakaa, utepe umelegea, na hakukuwa na nyingine.

"Hapo ndipo kisanduku kinapoingia," alisema Mtaalamu, akakichomeka nyuma ya kompyuta kabla ya kuiwasha. "Kaseti ikikubali kusomeka mara moja tu, mchezo utakuwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Nikibonyeza kitufe, kila kitu kinaganda. Halafu kisanduku kinanakili kumbukumbu yote kwenye kaseti mpya, vilevile ilivyo, bila kuacha hata chembe."

Kaseti ilikataa, ikakataa tena, mama akaanza kuitukana kwa sauti ya chini kama alivyokuwa akimfanyia baba. Ndipo picha ikatokea. Tulipiga makofi. Papo hapo redio ikatafuna utepe, ukatoka wote umejikunja kama uzi wa bobini ya cherehani iliyoharibika. Kwa hiyo mchezo ulikuwa umebaki ndani ya ile kompyuta tu, na umeme ukikatika tumeukosa.

Mtu mwingine angebonyeza kitufe. Mtaalamu aliweka kaseti mpya redioni, akanigeukia, akaanza kunieleza ni kwa nini abonyeze.

Mama alichoka kusikiliza. Akavuta kiti, akaanza kucheza.

"Mama, subiri kwanza!"

"Tangu lini mimi nikasubiri?" akajibu, huku vidole vikigonga kibodi. Alipata mkoba, akapata miwani. Akaingia kwenye korido, na saa ikatokea nyuma yake, hatua moja tu.

"Inanikamata! Mtaalamu, inanikamata!"

Na mdogo wangu, mtu mzima mwenye watoto, alifanya ambacho mtoto yeyote angefanya mama yake akipiga yowe. Alibonyeza kitufe ili amwokoe.

Kila kitu kikaganda. Kisanduku kikanakili kumbukumbu yote vilevile ilivyo, mama akiwa na kiatu kimoja na saa ikiwa kisogoni. Mchezo ulipoendelea, saa ikamkamata, ukajifuta. Tulipousoma kutoka kwenye kaseti mpya ulianzia palepale: korido, kiatu kimoja, saa kisogoni. Mwanzo wa mchezo haukuwepo tena popote duniani.

"Yaani umenihifadhi nikiwa nakaribia kufa," mama alisema.

Nilicheka mpaka nikajichoma pini. Mtaalamu hakucheka, alikuwa amekaa sakafuni machozi yakimlengalenga, nikamwonea huruma kweli. Mchana ule sote tulijaribu. Ukikimbia mbele umekamatwa, ukirudi nyuma ndio umeikumbatia.

"Kisanduku kinaweza kuchungulia kumbukumbu," Mtaalamu alisema mwishowe. "Naweza kuiondoa saa. Au nikusomee tu kilichoandikwa mlangoni."

"Thubutu! Baba yako hakunitungia mchezo ili niingilie dirishani."

Aliisogelea televisheni mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Hiki nini hapa ukutani?"

"Pambo tu, mama," nikamwambia.

"Baba yako na mapambo wapi na wapi? Hiki ni kioo changu cha korido."

Akaomba mchezo usomwe tena. Korido ilipotokea hakukimbia. Alimgeuza yule mwanamke kuelekea ukutani, akamwacha asimame pale ajitazame. Na saa ikasimama. Ikashusha mishale yake yote miwili, ikatulia.

Mtaalamu akachungulia nyuma ya kompyuta. Mimi nilikumbuka. Baba alikuwa akipiga kelele zote hizo, lakini mama akisimama kwenye kioo, yeye alinyamaza kabisa, akamtazama tu, hata kama tulikuwa tumechelewa harusi.

"Nilijua," mama alisema polepole. "Hapo hakuwahi kunikimbiza."

Alijitazama hadi aliporidhika. Akaondoka bila haraka, akaokota kiatu chini ya kitanda, na saa ikamfuata kwa mbali kama mtu aliyebeba mizigo ya mwenzake. Mlango ukafunguka. Maneno yakajiandika, herufi moja baada ya nyingine:

MIMI NIKO TAYARI TANGU ZAMANI. NAKUSUBIRI WEWE TU.

Mimi nililia waziwazi. Mtaalamu alishika bega la mama. Mama alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni la mteja wangu, akaivaa tena, akayasoma yale maneno upya mpaka mwisho.

"Mwache asubiri," akasema. Akasogeza kiti karibu na meza. "Haya, nirudishe pale kwenye kioo."