Fahali Aliyefunga Barabara ya Khayega

Molasi, shira ya miwa, ilikuwa imetapakaa barabarani ukingo hadi ukingo, nyeusi, nzito, na nyuki walikwisha kualikana. Lori lililoibeba kutoka kiwanda cha sukari cha Mumias lilikuwa limelala ubavu kwenye kona, mapipa yamepasuka. Miaka hiyo ya neema ya miwa magari hayakuisha njiani, na sasa mabasi na matrekta yalikuwa yamekwama foleni hadi upeo wa macho. Katikati ya utelezi huo alisimama Ngurumo, fahali wa Muhonja, akilamba lami kwa raha zake.

“Ngurumo, baba, twende,” Muhonja alimbembeleza, akivuta kamba. Angevuta mvule ukaja upesi zaidi.

Kosa lilikuwa lake. Wenye mafahali huwalaza njaa usiku wa kuamkia pambano la fahali kwa fahali ili waamke na hasira. Muhonja, mjane aliyemlea Ngurumo peke yake, hakutaka kuambiwa hajui mila, akamlaza njaa. Nani angejua kwamba kati ya zizi lake na uwanja wa Khayega mtu atamwaga utamu wa wilaya nzima?

Na jua lilikuwa linapanda. Fahali asiyefika uwanjani asubuhi huhesabiwa ameshindwa, na jirani yake Andati alikwisha kutangaza sokoni kwamba fahali wa mwanamke anafaa kukamuliwa tu.

Ngoma za isukuti zikasikika. Ndiye huyo Andati, anamwongoza fahali wake Tingatinga kwenda uwanjani, wapigaji ngoma nyuma yake.

“Shemeji!” alicheka. “Umemleta kupigana au kunywa chai?”

“Ameanza na chai. Kitafunio ndicho hicho unachokivuta.”

Abiria wakapiga mbinja madirishani.

Lakini Tingatinga naye alikuwa amelala njaa. Harufu ilipompiga puani, alimkokota Andati hadi kwenye molasi, akainamisha kichwa alambe. Ngurumo akainua chake, utamu ukimchuruzika kidevuni. Hakuwa na nia ya kugawana. Akakoroma, akamwendea.

Pembe ziligongana kama magogo. Walisukumana, wakateleza, utingo wa lori akaparamia trekta. Tingatinga akapiga magoti, akainuka, akageuka, akatokomea kwenye shamba la miwa na kamba yake.

“Hiyo haihesabiki!” Andati alifoka, ameketi kwenye molasi bila kupenda. “Hapa si uwanjani!”

“Basi mrudishe, shemeji, twende huko uwanjani. Tunakungoja.”

Miwa ilitikisika mbali, kisha mbali zaidi. Wapigaji ngoma wa Andati wakatazamana. Mmoja akaigonga isukuti yake, na wote wakaitikia kwa jina la Muhonja.

Dereva wa lori akasogea, kofia mkononi. “Mama, tafadhali, mwondoe tusafishe barabara. Watu wanachelewa.”

Muhonja alitupa kamba begani, akaketi juu ya pipa lililosalia zima.

“Mshindi hainuliwi mezani, mwanangu. Akishiba atawapisha.”