Mjumbe wa Nyumba Hii

Kufunga vyombo ni kazi ya mtu mmoja mwenye akili, si ya watu wanne wenye haraka. Nilimwambia hivyo mkwe wangu, mke wa mwanangu, siku alipoleta maboksi matupu ya sabuni kutoka dukani, akaanza kutumbukiza sahani ndani kama anayemwaga viazi. Nikamsogeza pembeni. Sahani husimamishwa kwa ubavu, kila moja na gazeti lake. Ukizilaza zinaelemeana na ya chini ndiyo inayoumia. Skrubu za kitanda zinatiwa kwenye mfuko, na mfuko unagandishwa kwa utepe kwenye ubao wa kitanda hichohicho, la sivyo siku ya kwanza mnalala sakafuni mkilaumiana. Friji inazimwa mapema na mlango wake unaachwa wazi, vinginevyo mnahama na uvundo wenu. Haya yote nayajua kwa sababu marehemu mume wangu alikuwa mtu wa kuhamishwa kazini kila akizoea mtaa, na kila mara yeye alitangulia na mkoba, mimi nikabaki na kamba.

Mkwe wangu akasema, "Haya Mama, wewe ndiye mkuu wa kikosi." Nikafurahi, mjinga mimi. Wakati huo nilidhani bado nina chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya jiko, katika nyumba mpya ambayo mwanangu aliijenga kidogo kidogo mpaka tukakoma kuamini kwamba itaisha. Kuta zilipokuwa hazijapigwa plasta alinipeleka nikaione. Akanisimamisha katikati ya chumba kile, akanionyesha tundu la dirisha. "Hiki chako, Mama. Jua la asubuhi linaingia hapa. Hayo magoti yako yatapata nafuu." Mjukuu wangu, ambaye nalala naye chumba kimoja tangu aache kunyonya, akapanga palepale kitanda chake kitakaa wapi na changu wapi. Tunamwita Bosi, maana anaamrisha hata paka. Tangu siku ile sikuwa na hamu ya kitu kingine. Nikifua, nilikuwa nafikiria kamba ya nguo nitaifunga wapi kwenye ua ule. Nikisikia magoti yakiuma, nilikuwa nayaambia yasubiri.

Aliyeninyang'anya chumba ni fundi rangi, naye hakujua amefanya nini. Alikuja asubuhi moja kuchukua ufunguo wa nyumba mpya, mkwe yuko bafuni, mwanangu kazini. Akanikuta nimejifunga kitambaa kichwani, vumbi hadi kwenye kope, nakaza kamba ya boksi kwa meno. Nadhani alinichukulia mtu wa kibarua.

"Dada," akasema, na hiyo 'dada' nilimshukuru kwayo kwa muda mfupi sana, "waambie kile cha nyuma ya jiko nakimaliza leo. Ila nataka kujua, meza ya ofisi inaingia kabla rangi haijakauka au baadaye?"

"Ofisi ya nani?"

"Ya baba mwenye nyumba. Si anataka kufanyia kazi nyumbani?"

"Na chumba cha bibi je?"

"Bibi si anahamia kwa binti yake? Ndivyo nilivyosikia wakiongea pale." Akachukua ufunguo, akaenda zake akipiga mluzi.

Nilibaki na ncha ya kamba mdomoni. Sikulia na sikupiga kelele. Nilikwenda jikoni nikafunga vikombe, na nikavifunga vizuri.

Ili mtu aelewe kwa nini nilinyamaza, inabidi ajue nimekuwa nani katika familia hii. Nilikuwa muuguzi. Pale wodini daktari akishindwa kumwokoa mgonjwa, alikuwa ananawa mikono polepole, anakumbuka ghafla kwamba anahitajika ghorofani, na mimi ndiye ninayetoka kwenda kwenye benchi walikokaa ndugu. Nilijifunza ile kazi. Unamkalisha mtu kwanza. Unakaa na wewe. Unalitaja neno lenyewe bila kulizungusha, halafu unafunga mdomo na kumwachia nafasi. Nyumbani kwangu walipogundua kwamba nina kipaji hicho, wote walistaafu kusema. Mume wangu aliposimamishwa kazi, mimi ndiye niliyewaambia watoto. Binti yangu alipopata mimba akiwa bado shule, mimi ndiye niliyemwambia baba yake. Na huyuhuyu mwanangu, alipomwacha mchumba wake wa kwanza, alinituma kwa wazazi wa msichana. Nilinywa chai yao, nikawaambia, nikarudi nyumbani na macho ya yule mama mgongoni. Wote walikuwa na mdomo mmoja, nao ni wangu.

Sasa kulikuwa na habari nzito ndani ya nyumba, na safari hii mpokeaji ni mimi. Nikajisemea, hebu tuone nani ataibeba.

Nikajitia hamnazo. Nikaendelea kufunga, na kuwatazama. Kumbe ndugu zangu, mtu mwenye siri anachekesha ukishaijua siri yake. Mkwe wangu kila nikiligusa sanduku langu alikuwa anaruka: "Mizigo yako iache kwanza, Mama, tutaifunga mwisho." Nikimuuliza pazia la chumba changu lishonwe la urefu gani, anakumbuka sufuria motoni, na jiko limezimwa. Nikawa namuuliza makusudi, asubuhi na jioni. Kama nilikuwa katili, basi nilikuwa katili. Sikuwa na burudani nyingine.

Binti yangu alipiga simu, sauti tamu kupita kiasi.

"Mama, nimenunua godoro jipya."

"Hongera. La nani?"

"La... la wageni."

"Tangu lini wewe unapenda wageni?"

"Kwani Kaka hajaongea na wewe?"

"Tunaongea kila siku. Jana tumeongea habari za friji."

"Aa. Basi nipe yeye."

Nikampa. Mwanangu alitoka na simu hadi uani, akazunguka tangi la maji akinong'ona na kutupa mkono hewani. Sikuhitaji kusikia. Binti alidhani kaka yake ameshasema, na kaka alikuwa anamngoja mkewe, na mke anasema Mama si mama yake wa kumzaa, aanzie wapi.

Kwa binti yangu si jehanamu, nisimsingizie mtu. Ana moyo, na mumewe ni mtu mpole, ila anasikiliza televisheni kama vile iko kwa jirani. Ningekula, ningelala, ningezeeka. Lakini kule hakuna Bosi. Ningekuwa bibi wa likizo, wa kuvalishwa vizuri na kupigwa picha. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba kama mwanangu angenijia akaniambia, "Mama, nimebanwa, nahitaji kile chumba," huenda ningempa. Ningenuna, ningemsema kwa ulimi wangu wote, halafu ningempa. Walichoninyima si chumba peke yake. Walininyima nafasi ya kukitoa.

Mchana wa siku moja kabla ya kuhama, mwanangu akaja chumbani kwangu. Kitanda cha Bosi kilikuwa tayari kimefunguliwa na kuegemezwa ukutani. Changu bado kimesimama, peke yake, kama mtu aliyeachwa na basi. Akataka kukaa kwenye boksi.

"Si hapo! Hapo kuna glasi."

Akakaa sakafuni. Mtu mzima, mvi zinaanza masikioni, amekaa sakafuni amekumbatia magoti yake. Moyo wangu ukalegea, sitasema uongo. Nikafikiri: anasema. Hatimaye mwanangu amekua, anasema kwa mdomo wake.

"Mama, kuna jambo."

"Nakusikiliza."

"Ni gumu kidogo." Akavuta utepe uliogandia sakafuni, akauviringa kidoleni. "Nadhani Dada ameshakueleza."

Nikakaza kamba ya boksi la glasi.

"Najua ameshakueleza, maana umekuwa kimya siku hizi. Na nakushukuru, Mama. Mwingine angefanya vurugu. Ni kwa muda tu, mpaka tujenge kile chumba cha uani. Sasa kilichobaki ni huyu mtoto. Yeye anajua mnahama pamoja. Kila siku anaongea habari za chumba chenu, mama yake mpaka anatoka nje. Sisi tumeshindwa. Nikasema, ngoja nimwombe Mama. Wewe unajua kuyasema haya mambo. Mwambie tu kwamba Bibi hahami na sisi."

Nilikuwa nimezoea kutumwa, lakini sikuwahi kutumwa kuupeleka msiba wangu mwenyewe. Alikuwa ananitazama kwa yale macho ya utotoni, ya mtoto aliyevunja kitu cha watu anayesubiri mama aende akaombe radhi.

"Mwite," nikasema.

Bosi aliingia na kalamu ya wino mzito mkononi. Kazi yake ilikuwa kuandika JUU kwenye maboksi yenye vitu vya kuvunjika. Baba yake alisimama, akarudi nyuma hadi mlangoni, bega moja ndani na moja nje. Nikamkalisha mtoto kitandani. Nami nikakaa. Nikalitaja neno lenyewe.

"Bosi, kesho mimi siendi na nyinyi. Baba na mama yako wameamua nikakae kwa shangazi."

Nikafunga mdomo, nikamwachia nafasi. Nilijiandaa kwa kilio. Nilikuwa nimeshakunjua kanga magotini.

Mtoto hakulia. Alinitazama, akamtazama baba yake, kisha akafunga kifuniko cha kalamu yake taratibu.

"Kwa hiyo wameshakwambia, Bibi?"

"Nini?"

"Mimi nilijua zamani. Nilimsikia Mama akiongea na Baba mbele ya fundi. Nikamuuliza, akasema nisikwambie wala nisimwambie Baba kwamba najua, kwa sababu utaumia, halafu presha yako itapanda." Akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu, palepale nilipokuwa nawashika wale ndugu wa wagonjwa. "Usilie, Bibi."

"Na habari za chumba chetu je? Kitanda changu kikae dirishani, chako mlangoni, hayo yote uliyokuwa unaniambia?"

"Nilikuwa nakufurahisha tu."

Hapo ndipo nililia. Kwa chumba sikulia, na kwa godoro la wageni sikulia. Nililia kwa sababu ya ile sauti yake, laini, tulivu, isiyoyumba, sauti ya mtu aliyekwisha kuzoea kazi, na yeye hata meno ya utotoni hajayamaliza. Jioni zote zile alikuwa amelala kando yangu, ananipangia chumba ambacho anajua hakipo.

Mlangoni nilisikia mtu akishusha pumzi ndefu. Mwanangu alikuwa ameingia mzima mzima sasa, mabega yake yameshuka, uso umemfunguka.

"Kumbe alikuwa anajua!" akasema. "Afadhali. Basi limekwisha."

Akachukua bisibisi kwenye boksi la zana, akaja kukifungua kitanda changu.