Mlango wa Bugarama

Wahakiki wa nje walikubaliana karibu katika kila jambo. Gemu la Barabara ya Runzewe, waliandika, lina sura nzuri ya kizamani: watu wa vijisanduku vya rangi, muziki wa mashine za miaka ya tisini, na nchi pana ambayo mchezaji huizunguka atakavyo, kuanzia mashimo ya dhahabu mpaka mnada wa ng'ombe. Mapigano yake yanakwenda kasi. Lakini salamu zimezidi. Huwezi kununua hata maji kabla hujamwamkia muuzaji, na mkubwa ukimwamkia kwa haraka anakupa mgongo. Tena kuna nyumba moja Bugarama ambayo mlango wake haufunguki kwa namna yoyote. Hiyo, walisema wote, ni hitilafu.

Noela Januari hakuwa na neno la kuwapinga. Uhakiki wake, ulioagizwa na tovuti moja ya Dar es Salaam, ulikuwa karibu kukamilika, na alama aliyokusudia ilikuwa sita kwa kumi. Alikuwa ameupima mchezo huu kwa vipimo vilevile alivyovitumia kwa mingine. Kwamba mtengenezaji wake ni Makoye Masalu, kijana aliyekua pamoja naye Kahama, akaenda Ujerumani kusoma na taratibu akaacha kumwandikia, Noela hakulitaja popote. Haliwahusu wasomaji, alijiambia, huku akijua kwamba linawahusu. Alichotaka kujua hasa hakikuwa na nafasi katika uhakiki wowote: kama Makoye bado alimkumbuka.

Kilibaki kitu kimoja cha kuthibitisha. Wahakiki walidai kwamba rangi za gemu ni zilezile za mashine za zamani. Noela hakupenda kurudia dai asilolipima. Alhamisi mchana akabeba kompyuta yake hadi dukani kwa Hozefa, muuza vipuri vya redio ambaye zamani chumba chake cha nyuma kilikuwa banda la gemu.

"Shikamoo, Mzee Hozefa."

"Marahaba, mwandishi. Leo unanunua, au umeleta macho tu?"

"Nimeleta macho. Naomba uwashe ile mashine ya zamani, nilinganishe rangi."

"Rangi! Ulikuwa unalia ukinyang'anywa pedi ya kuchezea, leo unalinganisha rangi." Alipuliza vumbi juu ya mashine, akaichomeka. "Na yule mwenzako, anakuandikia?"

"Hapana."

"Mshamba yule. Baridi imemganda kichwani."

Rangi zililingana. Noela aliandika hivyo, kisha, kwa kuwa alikuwa amebakiwa na muda, akarudi kwenye ule mlango wa Bugarama ndani ya gemu.

Ajuza wa nyumba ile alichungulia dirishani kama kawaida. "Mwangaluka," aliamkia kwa Kisukuma, kisha akauliza, "Ng'wa nani?" Kikatokea kisanduku cha kuandikia jibu. Wahakiki walikuwa wamejaza majina yao, jina la shujaa, hata matusi. Noela naye siku ya kwanza aliandika Noela, kosa la mtu aliyezoea kujitambulisha mikutanini. Lakini bibi yake Makoye, ambaye nyumba yake ya Bugarama haipo tena, alikuwa akiwauliza vivyo hivyo kila walipomtembelea: mtoto wa nani wewe? Kwa Wasukuma hilo halijibiwi kwa jina lako. Unamtaja baba, ndipo mwenyeji ajue anamkaribisha nani.

Aliandika jina la baba wa shujaa wa gemu. Mlango haukufunguka. Akaandika Masalu.

"Huyo alishaingia," alisema ajuza. "Anamngoja mwenzake."

Noela aliondoa mikono kwenye kompyuta. Kisha akaandika Januari, na mlango ukafunguka.

Ndani kulikuwa na benchi, televisheni yenye kisogo kirefu, na bango la USITEME MATE. Mvulana wa shati la kijani, kama lile la Makoye wa utotoni, alikaa upande mmoja wa benchi. Upande wa pili palikuwa na pedi peke yake. Chini yake yalikuwa yameandikwa maneno: Mchezaji wa pili, karibu.

Hozefa aliinama begani kwake. "Hili si banda langu? Mbona hajanichora?"

"Umechorwa. Ni yule pale kwenye swichi, anayetaka kuzima umeme."

"Mwongo huyo! Sikuwahi kuwazimia kabla ya wakati."

Noela hakucheka. Alikuwa anapima. Ajuza alitambua majina ya wazee wawili tu, na mlango ulifunguka kwa moja, la baba yake. Kwa kila mchezaji mwingine duniani ungebaki umefungwa. Kwa vipimo vyake mwenyewe, hilo lilikuwa kosa la utengenezaji. Alimpigia simu Fiza, mhariri wake.

"Fiza, Barabara ya Runzewe mpe mtu mwingine."

"Dada, tunachapisha kesho! Unaumwa?"

"Mtengenezaji namfahamu. Nilipaswa kusema tangu mwanzo."

"Kwani nani hamfahamu mtu? Haya, ule mlango je? Umejua kwa nini haufunguki?"

Noela aliitazama skrini. "Kwa wasomaji wako haufunguki," alisema. "Aandike hivyo."

Alikata simu, akamwomba Hozefa pedi, akaichomeka kwenye kompyuta. Msichana wa vijisanduku alitokea upande wa pili wa benchi. Yule mvulana wa shati la kijani hakugeuka. Maneno yakabadilika: Mchezaji wa pili yupo. Tunamsubiri wa kwanza.

"Limeganda?" Hozefa aliuliza.

"Hapana, mzee. Liko sawa."

Mteja aliita, Hozefa akaenda mbele. Zamani Makoye alikuwa akitoka katikati ya mchezo kwenda kununua karanga, na kila mara akiwa mlangoni alisema, usianze bila mimi. Noela aliweka kidole gumba juu ya kitufe cha kuanzia, bila kukibonyeza.