Mfereji Uliongoja Inshallah

Mzamil, fundi wa majiko ya mafuta taa mtaani Kibokoni, alikuwa mwanafunzi mwenye umri mkubwa kuliko wote katika darasa la jioni la kompyuta huko Buxton, na pia wa mwisho kuelewa. Wenzake walikuwa vijana waliotaka kuunda michezo ya kompyuta. Yeye aliingia baada ya kuswali Maghribi, akaandika kwa kidole kimoja, kama mtu anayebonyeza maembe sokoni aone lililoiva.

Katika mchezo wake aliuweka mtaa wake mwenyewe: nyumba, ngazi, na mfereji wa jikoni kwa mkewe, Mwanaesha. Mfereji wa kweli ulikuwa mkavu tangu jirani yao Jaffar, mwenye nyumba ya wageni, alipofunga pampu kwenye bomba la mtaa ili ajaze bwawa lake la kuogelea juu ya paa. Mwanaesha, na magoti yake mabovu, alikuwa akipandisha mitungi ya maji mpaka orofa ya pili. Mzamil alitaka, walau ndani ya kompyuta, mkewe afungue mfereji wake.

Mwalimu Winnie alimwonyesha jedwali, mahali ambapo kila kitu cha mchezo huwekewa thamani yake. Maji: sifuri. Mzamil akaandika kumi. Mfereji haukutoa kitu.

"Kubadilisha thamani hakutoshi, Mzee," Winnie alisema. "Lazima utangaze tukio, ndipo mfereji upate habari."

Hilo alilielewa papo hapo. Wakati wa sala huingia wenyewe, lakini watu huja muadhini akiadhini. Akaandika tangazo: maji yamefika. Kisha, kwa kuwa tangu utotoni hakuwahi kuahidi jambo bila neno hilo, akaongeza sharti aliloliita inshallah, na mfereji usifunguke mpaka sharti hilo lijazwe "ndiyo".

"Na hili atalijaza nani?" Winnie aliuliza.

"Si mimi, mwalimu. Hiyo si kazi yangu."

"Babu," alisema Huzaifa kutoka dawati la nyuma, "kompyuta itangoja mpaka Kiyama!"

"Haitakuwa peke yake."

Darasa likacheka. Mzamil naye akacheka, kwa adabu, akapewa sifuri.

Aliporudi nyumbani alimkuta Mwanaesha ameketi kando ya mfereji unaotiririka.

"Ni wewe, Baba Zein?"

"Nadhani ni mambo ya darasani."

"Basi waambie wapunguze kasi. Wanirowesha leso."

Mambo yakawa hivyo. Kwenye kompyuta mfereji ulibaki mkavu. Nyumbani, kila Mzamil alipotangaza kwenye kompyuta ndogo aliyoazimwa darasani, maji yalikuja. Majirani walizoea. Walimgongea akiwa chakulani: "Mzamil, tangaza bwana, nataka kufua." Darasani aliendelea kupata sifuri, maana Winnie alisahihisha kilichokuwa kwenye skrini, na hiyo ilikuwa haki yake.

Jaffar aliyasikia maji yakipita bombani, akafunga pampu kubwa zaidi. Mfereji wa Mwanaesha ukakohoa hewa. Mzamil akapandisha thamani hadi mia, akatangaza. Bwawa la Jaffar likafurika, maji yakateremka ukutani hadi barabarani, na mfereji ukaendelea kukohoa.

Mzamil alitia udhu kwa maji ya mtungi, akaswali rakaa mbili, akafungua jedwali na kuongeza mstari mpya. Huruma ya Jaffar: sifuri. Akaibadilisha kuwa kumi. Akatangaza.

"Na yeye umemwekea inshallah?" Mwanaesha aliuliza.

"Nimemwekea."

"Huyo ungemwandikia bila sharti."

Kesho yake Jaffar alichukua mpira wa maji, akautumbukiza bwawani, akauteremsha hadi mlangoni pake, ili majirani wachote yaliyozidi. Foleni ilifika hadi kona. Ijumaa, baada ya sala, imamu alimwombea Jaffar dua kwa ukarimu wake wa kuupa mtaa maji. Mzamil, ambaye hakuwahi kuiacha dua ipite bila kuitikia, alisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kisha akaenda kumpokea Mwanaesha mtungi kwenye foleni, kwa kuwa magoti yake yalikuwa yamevimba tena. Wakapanda ngazi polepole, wakipumzika kila penye kona. Jikoni Mzamil alifungua kompyuta, akapitia jedwali kama alivyofundishwa. Maji: mia. Huruma ya Jaffar: kumi. Matukio yote yametangazwa.

Hakuona kosa lolote.