Arobaini na Mmoja Waliojibu Hapana

...na hawa arobaini na mmoja, anasema Jouko, hawa ndio wanaotuharibia kazi, na Outi anaitazama orodha iliyomulikwa ukutani huku akijiambia usitafute, usiitafute, namba ni namba, watu mia sita na tisa wamejibu na kazi yako leo ni kutia sahihi tu, kipimo cha upweke cha maswali kumi kitoke humu chumbani kikiwa kimehakikiwa, kiende kikafanye kazi, nje theluji inaanguka kama jana na juzi, na macho, macho hayana adabu, yameshashuka hadi mstari wa nne kutoka chini, 317, mwanamume, miaka themanini na mbili, anaishi peke yake, hapana kabisa, hapana kabisa, hapana kabisa, mara kumi, ndiye, baba. "Wamechora mstari mmoja kutoka juu mpaka chini," anasema Jouko, "hata swali la saba limewapita, jamani, hawakusoma hao, wamejaza ili waachwe wakanywe kahawa yao," na Marketta, mkuu wao, anachekea puani, anauliza wakiwatoa itakuwaje, Jouko anabonyeza, uthabiti, yaani jinsi majibu yanavyokubaliana, unapanda kutoka sifuri nukta sita nane hadi sifuri nukta nane nne, kipimo kilichokuwa kikichechemea sasa kinatembea, "mnaona wenyewe? Kinapita!" na Marketta anamgeukia, "Outi, kanuni ni yako wewe. Tuwatoe?"

Kanuni ni yake, ndiyo, nani atakataa, aliiandika mwenyewe miaka miwili iliyopita na kule Uppsala, mkutanoni, watafiti wakampigia makofi, maswali tisa yanauliza ubaya, najihisi mpweke, siku zangu ni ndefu, hakuna anayenikumbuka, halafu la saba linageuzwa makusudi, ninaye mtu wa kumwita nikipatwa na jambo, anayesema hapana kwa yale tisa atasema ndiyo kwenye la saba, akisema hapana hapo pia basi amenaswa, hakusoma, aondolewe, mtego mzuri, safi, alijivunia mtego huu kama mtu anayejivunia mtoto... "Subiri kidogo," anasema, "naangalia kitu," na Marketta anaangalia saa, saa nane na nusu mchana, kwenye sahani andazi la mwisho la iliki limekatwa nusu, na ile nusu imekatwa nusu tena, hakuna anayetaka kuonekana amelimaliza, na Jouko ameinua birika, "Kahawa?" "Hapana, asante," anasema Outi, na birika linakwenda zake, limeshafika kwa Marketta, limeshawekwa chini, na yeye anabaki na kikombe kikavu mkononi, alikuwa anaitaka ile kahawa, aliitaka sana, kwa nini amesema hapana?

Mama asingeliondoa birika. Mama, Aune wa watu, aliuliza mara tatu, hata mleta barua aliulizwa mara tatu, ya kwanza mgeni anasema hapana, nimekunywa nyumbani, ya pili anasema msijisumbue, ya tatu anavuta kiti na kumaliza mikate minne, na huo ulikuwa ndio ustaarabu, aliyekubali mara ya kwanza alionekana mroho, aliyeulizwa mara moja tu alikwenda zake akijua hakutakiwa, na baba ndiye alikuwa bingwa wa mchezo huo, baba anaweza kufa kwa njaa mlangoni kwako akikwambia ametoka kula sasa hivi... na wewe ukampelekea karatasi. Agosti, wazee wa mashambani walikuwa wamepungua kwenye sampuli, fomu zilikuwa garini, na hairuhusiwi kumpima ndugu yako, hata anayeanza kazi leo analijua hilo, lakini baba alikuwa pale mezani anachambua matunda ya msituni, Outi akaona atamaliza haraka, nani atajua, akamwekea fomu mbele, na baba akanyanyuka kwanza akanawa mikono. Akanawa mikono! Kama anayekwenda kutia sahihi hati ya shamba, akavaa miwani, akasoma huku midomo ikicheza, saa ya ukutani ikahesabu dakika ishirini na mbili kwa maswali kumi, Jouko, dakika ishirini na mbili, na unasema hawakusoma, na kwenye la saba akakaa, akatazama nje kwenye bustani ya mama iliyoota magugu, akatazama simu, akaweka alama. Na Outi akainama juu ya bega lake, mtaalamu, mwenye mtego, "Baba, hapo umekosea, hilo limegeuzwa." "Sijakosea." "Lisome tena basi." "Nimesoma, binti," akaigeuza karatasi kifudifudi akauliza kama matairi ya gari bado yanafaa. Outi akacheka njiani, Mungu amsamehe, alicheka peke yake garini kwamba mtego umemnasa hata mzee, na nyumbani akajumlisha, alama tisa kwa yale tisa na alama tano kwa lile lililogeuzwa, kumi na nne kati ya hamsini, anayefika thelathini ndiye atakayepata mtu wa kumtembelea kila wiki, kumi na nne ni mzee mzima, ni mzee asiye na shida, na alilala vizuri juu ya hiyo kumi na nne, vuli nzima, Krismasi nzima, kila alipoona aibu ya kutokwenda aliishika kumi na nne...

"Wilaya inasubiri," anasema Marketta, si kwa ukali, "wakianza na kipimo hiki vuli ijayo ni wazee elfu mbili watakaoulizwa. Tukikwama, ni mwaka mwingine mzima. Outi, tuwatoe?" na hiyo ni mara ya pili, Outi anajikuta anahesabu, mara ya pili, na Jouko ameweka kidole juu ya kitufe, ana haraka Jouko, ana mazoezi ya mpira wa magongo jioni, si mtu mbaya, anasema, "Wazee wenyewe hawatajua kama wametolewa, bwana," na hilo ndilo linalouma, hawatajua, watakwenda zao kama walioulizwa mara moja. Dodoso huuliza mara moja. Hujihisi mpweke? Hapana, nimekunywa nyumbani. Siku zako ni ndefu? Msijisumbue. Hapana tisa za adabu, tisa za mgeni aliyesimama na kofia mkononi, hizo ndizo za uongo, lakini la saba lilikuwa limegeuzwa, la saba lilimwuliza kama ana kitu, halikumwuliza kama anakosa, na hapo hapana ile ile ikawa kweli, na baba aliliona, alikaa nalo, angeweza kuweka ndiyo ili bintiye aliyesimama begani asiaibike, na kwa jambo hilo moja akakataa kuwa muungwana. Ninaye mtu wa kumwita nikipatwa na jambo. Hapana kabisa. Sijakosea. Nimesoma. Alimwambia! Alimwambia usoni mara mbili, na yeye akamsahihisha. Jumapili wanaongea kwa simu, hakuna jipya, hakuna jipya huku pia, haya, dakika mbili, na Januari alimwuliza, "Nije wiki ijayo, baba?" na baba akasema, "Usijisumbue, barabara mbaya," na yeye akasema sawa. Mara moja. Birika likaondolewa. Bado kuna arobaini wengine, ana hofu ya kuwaangalia, 322, 340, 358, wake kwa waume walionawa mikono, akiwatoa kipimo kinapita kwa sababu waliokipinga hawamo, akiwaacha itambidi aseme anamjuaje wa 317, na hilo litaandikwa mahali, kazi ya miaka sita, jina lake, makofi ya Uppsala, na kanuni ataifuta nani kama si aliyeiandika, na dirishani theluji ile ile, kikombe kile kile kikavu, robo ya andazi kwenye sahani, kidole cha Jouko hakijashuka.

"Outi," anasema Marketta kwa mara ya tatu, polepole, kama mama alivyokuwa akisema, "tuwatoe?" na Outi anavuta kiti karibu na meza.

"Hapana," anasema. "Wa 317 ni baba yangu, na hakukosea."