Daftari la Vicheko

Watoto walimwita Mama Vicheko, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mkutubi wa maktaba ya watoto, chumba kimoja chenye madirisha mawili na feni inayozunguka ikipenda. Ukiingia tu, kabla hujasema shikamoo, amekwisha kukupima: huyu wa mazimwi, huyu wa wanyama wanaosema, huyu akipewa kitabu kinene atakifanya mto. Hakukosea mara nyingi, alijua hivyo, na alipenda lijulikane.

Fahari yake ilikuwa rafu ya utepe wa njano, vitabu vya kuchekesha. Rafu hiyo ilikuwa na sharti. Ukirudisha kitabu, hupewi kingine mpaka umsimulie palipokuchekesha, naye anaandika kwenye daftari: tarehe, kitabu, jina la mtoto, kicheko chenyewe. Akija mwingine asiyejua achague nini, Mama Vicheko anafunua daftari. "Chukua hiki! Kuna mahali mbuzi anakula barua ya mwalimu mkuu, utavunjika mbavu." Watoto walivigombania. Ambacho hakumwambia mtu ni kwamba vitabu vyenyewe alikuwa hajavisoma, isipokuwa labda vitatu au vinne. Macho yalikuwa yamechoka, na daftari lilitosha.

Kidoti alikuja mara ya kwanza siku ya Jumatano. Alikuwa na miaka tisa, doa jeusi chini ya jicho, sare ya shule imefuliwa lakini haijapigwa pasi.

"Shikamoo. Nataka kitabu cha kumchekesha mama. Anaumwa kichwa, na siku hizi hacheki kabisa."

"Marahaba, mwanangu. Mpe pole. Nyumbani mko na nani mwingine?"

"Mimi na yeye tu."

"Basi mwambie acheke anenepe," alisema Mama Vicheko, akamchagulia kitabu chenye punda kwenye jalada.

Jumatano iliyofuata Kidoti akakirudisha. "Haya, palichekesha wapi?"

Mtoto alitazama meza, akafikiri. "Pale mama alipovaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto. Akakasirika, akasema kuna mtu amembadilishia miguu."

Mama Vicheko alicheka mpaka akashika meza, akaandika neno kwa neno. "Na mama yako je, alicheka?"

"Bado."

"Basi tuongeze dozi."

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Kitabu cha pili, palipochekesha ni pale mama alipomwita binti yake shangazi na kumwuliza amekuja na nani. Cha tatu, mama alibandika sufuria tupu jikoni akangoja ichemke, mpaka ikatoboka. Cha nne, mama alimpigia magoti binti yake akimwomba ruhusa ya kwenda kwao. Mkutubi alicheka, akaandika, akawapa wengine. Hakujiuliza kwa nini kila kitabu alichosoma mtoto huyu kina mama. Kila mtu ana mama, ndivyo angekujibu. Mtu akishazoea kusifiwa kwa kujua watoto, huacha kuwatazama.

Jumatano ya sita Kidoti alifika mapema. Sare ilikuwa ileile, safari hii haijafuliwa.

"Palichekesha wapi?"

"Pale mama amelala tangu juzi. Binti anamwita, anamtekenya nyayo, anamsomea, wapi! Hata maji usoni hayamwamshi."

"Makubwa! Huyo ana usingizi wa pono," alisema Mama Vicheko, akafuta machozi ya kicheko na kuandika. Kisha akachomoa kitabu cha mwisho wa rafu. "Hiki kiboko yao. Mama yako akikosa kucheka kwa hiki, nitakuja mwenyewe nimchekeshe."

"Kweli utakuja?"

"Nitakuja, mbona!"

Kidoti akaenda mpaka mlangoni, akasimama. Alingoja kidogo, akimtazama. Mkutubi alikuwa amekwisha kuinamia kadi zake, akampungia mkono bila kuinua kichwa.

Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini ya Mama Vicheko hayakungoja hata nusu saa. Aliingia binti wa fundi saa, mtoto asiyependa kudanganywa, akaweka mezani kitabu cha punda.

"Yule mama wa viatu hayumo."

"Umesoma mbiombio."

"Nimesoma mara mbili. Humu hakuna mama hata mmoja. Kuna punda na mpiga tarumbeta."

Mama Vicheko akavaa miwani, akasoma akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa. Punda. Tarumbeta. Akachomoa kile cha sufuria, akapekua: kulikuwa na mabaharia watupu. Akafunua daftari, akatafuta jina la Kidoti peke yake, akashuka nalo kwa kidole kutoka viatu hadi shangazi, hadi sufuria, hadi mstari wa leo ambao wino wake ulikuwa haujakauka vizuri. Pembeni ya kila mstari alikuwa amechora, kwa mkono wake mwenyewe, uso mdogo unaocheka.

Aliichukua kadi ya mtoto yenye anwani akatoka bila kufunga mlango. Alikimbia mtaa wa kwanza, wa pili akatembea ameshika kiuno, akaingia ua wa nyumba ya kupanga. Kutoka chumba cha mwisho ilisikika sauti ya mtoto akisoma, akipumzika kwenye kila nukta, kama wanavyofundishwa shuleni.

"Hodi," alisema.

"Karibu."

Mama yake Kidoti alikuwa kitandani, amefunikwa hadi shingoni, shuka limelowa maji kifuani. Nywele zilikuwa zimechanwa na kusukwa vibaya, kazi ya vidole vidogo. Chini ya kitanda viatu vilipangwa, cha kulia kulia, cha kushoto kushoto. Mkutubi aligusa mguu uliojitokeza kwenye shuka. Ulikuwa wa baridi kama sakafu. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani, akatamani mtoto ampige.

Lakini Kidoti alifurahi. "Nilijua utakuja," alisema. "Nimefika ukurasa wa kumi na mbili, bado hajacheka. Jaribu wewe."

Akasogea kumpisha kitandani, akampa kitabu.